Birika Lililovimbisha Kapasita

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Mvua imeanza kabla ya mapambazuko na haina dalili ya kukatika. Katika chumba cha majaribio cha kiwanda kidogo cha kapasita, vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme, mwanamke wa miaka arobaini na saba amesimama mbele ya tanuri, midomo ikicheza kwa sala isiyosikika.

Wenzake humwita Mama Bluu. Kazi yake ni kuchovya misokoto midogo ya karatasi ya alumini katika polima inayopitisha umeme, kimiminika cheusi cheusi chenye ubuluu wa wino. Ikishakauka, misokoto hiyo hufungwa ndani ya vikopo vinavyokwenda kukaa kwenye redio, taa na chaja zetu.

"Glavu navaa, lakini rangi hii haina adabu," anasema akionyesha kucha zake. "Mjukuu wangu aliniuliza, bibi, kazini kwenu mnaandikia vidole?"

Leo utani ni mchache. Hili ni jaribio la tatu. Katika yale mawili ya mwanzo, vikopo vilipopitishwa kwenye tanuri hili, lenye joto kama la kulehemia, vingi vilivimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Uongozi ukasema wazi: la tatu likiharibika, kitengo kinafungwa na watu wanane wanarudi nyumbani. Mshahara wa Mama Bluu ndio unaomlisha mama yake mzazi na wajukuu wawili.

"Nilisali mpaka maneno yakaniishia," anasema. "Nikabaki na moja tu: Bwana, unaona."

Jibu lilikuja wiki iliyopita, siku nyingine ya mvua. Mhandisi, binti anayelingana na kitinda mimba wake, alitenganisha vikopo vilivyovimba kufuata rafu ambako misokoto yake ilipozwa kabla ya kufungwa. Yote ilipozwa kwenye rafu ya karibu na mlango. Mama Bluu akaenda kusimama pale, aone kuna nini.

Miwani yake ikaingia ukungu.

Nyuma ya rafu, birika lilikuwa linatokota. Tena lake mwenyewe. Siku za jua huchemshia chai uani. Mvua ikinyesha, huliingiza ndani. Na majaribio yote mawili yalifanyika siku za mvua. Misokoto ilitoka kwenye tanuri la kukaushia ikiwa mikavu, ikafyonza mvuke, ikafungiwa nao kikoponi. Ilipokutana na joto, unyevu ukatafuta pa kutokea.

"Mwanangu," alimwambia mhandisi, "kumbe tumekuwa tukizinywesha kapasita chai."

"Na sukari hukutia!" akadakia Baba Mapacha, fundi wa mashine ya kusokota.

Misokoto ya leo ilikaushwa juzi, mvua ikinyesha vilevile, birika likiwa nje.

Tanuri linafunguliwa. Mhandisi anatoa trei na kupitisha kidole juu ya vifuniko, kimoja baada ya kingine.

"Bapa," anasema.

"Vyote?"

"Vyote, mama. Hata kimoja hakijavimba."

Mama Bluu anakaa juu ya kreti, anafunika uso kwa viganja vyenye madoa ya buluu. "Asante, Bwana. Asante." Baba Mapacha anamshika bega, naye macho yamelowa.

"Sasa apa, mama," anamchokoza. "Wewe na chai nawajua."

Mama Bluu anasimama, anajifuta machozi, anawatazama wenzake wote saba na mhandisi wao.

"Mbele yenu, na mbele ya Mungu aliyetusikia: birika langu halitavuka tena mlango ule, hata inyeshe mawe. Chai nitainywea uani, na mwavuli mkononi."