Presha Haikujua Kuwa Mtoto Ameshazaliwa

"Mama, nipe kipimo changu."

"Kipimo gani?"

"Hicho ulichokitia kifuani. Mteja anasubiri."

"Na asubiri. Meza vidonge vyako kwanza, ndipo nikupe."

"Mama, mimi si mtoto!"

"Ungekuwa si mtoto, nisingekalia kisanduku chako cha spana tangu asubuhi."

Ndivyo tulivyokuwa, mimi na mke wa mwanangu, mbele ya kibanda chake cha kuziba pancha, na dereva wa lori amesimama katikati yetu kama refa aliyesahau filimbi nyumbani. Kipimo chenyewe ni kile cha upepo wa matairi. Ni cha chuma, tena kina ncha, na kilikuwa kinanichimba mbavu kama deni, lakini sikukitoa. Mjukuu wangu wa kike alikuwa mgongoni mwangu, amelala fofofo, hana habari kwamba mama yake amegoma dawa.

Mkwe wangu huyu mtaa mzima unamwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Kazi aliipata kwa mjomba wake, mtu aliyekuwa na mapafu ya kujaza tairi la trekta kwa mdomo. Niliona kwa macho yangu, ingawa siku hiyo nilikuwa nimesafiri. Mjomba alipozeeka, kibanda kikabaki kwa Fundi: kompresa moja inayonguruma kama fahali, beseni la maji ya kutafutia tundu, makopo ya gundi na viraka, na benchi lililopinda. Wanaume wakija kwa mara ya kwanza humuuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Yeye hawajibu. Huligonga tairi kwa kichwa cha spana, akasikiliza, akawaambia msumari umeingilia wapi. Hapo ndipo wanapotafuta pa kukaa.

Mwanangu ni mwoka mikate. Alimpata Fundi kwa sababu ya baiskeli. Kila wiki pancha, kila wiki pancha, nikadhani barabara ya kwenda kwenye tanuri imepandwa miiba. Kumbe misumari alikuwa anaitia mwenyewe! Mapenzi nayo yana gharama zake.

Fundi alipopata mimba hakuacha kazi. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata nyuma na jeki. Mwishoni miguu ikavimba, pete haikutoka kidoleni, na kliniki wakasema presha imepanda. Akalazwa hospitali kubwa, wakamwanzishia uchungu kabla ya wakati wake, mtoto akatoka mdogo lakini mwenye sauti ya mnadi wa mnada. Sote tukashusha pumzi. Tukadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Presha ilikaa juu hata baada ya kujifungua, wakambakiza wodini mpaka ikashuka kwa dawa. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimpa vidonge, akasema vile watu wanavyosema na walioshika mlango tayari: meza asubuhi na jioni, usiache mpaka uambiwe, maziwa mpe mtoto bila wasiwasi, dawa hii haimdhuru. Nenda zahanati ya karibu ukapimwe. Na kichwa kikiuma sana, ukiona maluweluwe, au ukipata maumivu chini ya mbavu, usingoje kesho, rudi. Mimi nilisikia. Fundi naye alisikia, ila macho yake yalikuwa yanahesabu vidole vya mtoto.

Zahanati yetu ina nesi mmoja na foleni inayofika getini. Fundi akaenda, akafungwa mkanda mkononi, nesi akatazama mashine na kusema, "Presha yako nzuri kabisa, mama. Nenda ukapumzike. Anayefuata!" Nesi hakuuliza kama kuna dawa anayomeza. Fundi naye hakusema. Karatasi ya hospitali ilikuwa nyumbani, ndani ya begi la nepi.

Basi Fundi akalielewa jambo hilo kifundi. Jioni nikamwona amekaa bila kumeza kitu, nikamuuliza, naye akanifundisha kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi wa kibandani. "Mama, tairi likishafika kwenye kipimo chake unatoa pampu. Ukiendelea kupampu, unaharibu." Vidonge akavitupa kwenye kopo la viraka.

"Lakini daktari alisema usiache."

"Alisema presha ya mimba. Mimba ndiyo hiyo, iko mgongoni mwako, inakukojolea."

Na kweli, ilikuwa inanikojolea.

Nikajaribu njia yangu. Nikamsimulia habari za mwanamke mmoja aliyeacha dawa zake, presha ikampanda mpaka hereni zikamchomoka masikioni, moja ikavunja dirisha la jirani, nyingine haijapatikana mpaka leo. Fundi alicheka hadi akashika ubavu. Mwanangu, ambaye alikuwa ametoka kazini mweupe kwa unga kama mzimu, akasema, "Mama, mwache. Unamtisha mzazi." Hapo nikajua nimepotea njia. Mtaani wananiita Bibi Chumvi, kwa sababu wanasema sijawahi kusimulia jambo bila kulikoleza. Mtu wa namna hiyo akisema nyumba inaungua, watu huuliza kwanza inaungua kiasi gani.

Siku zikapita. Fundi akafungua kibanda mapema kuliko nilivyotaka. Kichwa kikaanza kumuuma, akasema ni harufu ya gundi. Uso ukamvimba, akasema ni usingizi. Kila dalili alikuwa ameiandalia jina lingine. Asubuhi hiyo alipokunja uso mbele ya jua na kuziba jicho moja kwa kiganja, nilinyanyua kipimo chake benchini nikakitia pale ambapo hakuna mkwe mwenye adabu anayeweza kutia mkono.

Sasa turudi kwenye ugomvi wetu.

"Sawa," Fundi akasema. "Kaa nacho. Nitajaza kwa sikio."

"Fundi," dereva akaingilia, "mimi si mwenye haraka sana. Ni tairi la akiba tu. Msikilize mama."

"Wewe, kaka, humjui mama huyu. Juzi aliniambia hereni zinaruka."

"Zinarukaje?"

"Muulize mwenyewe!"

Akawasha kompresa, akavuta mpira, akainama juu ya tairi lililolala chini. Kuweka mdomo wa mpira kwenye valvu ni jambo ambalo Fundi hulifanya huku anatafuna, huku anagombana, huku anatazama kwingine. Safari hii mdomo wa mpira ukagonga pembeni. Akaurudisha. Ukagonga upande wa pili, upepo ukavuma ukatimua vumbi. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akacheka kidogo.

"Kaka, tairi gani hili? Mbona lina valvu mbili?"

Dereva naye akacheka. Kisha akatazama tairi, akamtazama Fundi, akaacha kucheka.

"Fundi. Ni moja."

Nikazima kompresa mwenyewe. Fundi alikuwa amekaa chini, ameegemea tairi, viganja viwili kwenye paji la uso.

"Mama," akasema taratibu, "kichwa kinapasuka. Na hapa." Akashika chini ya mbavu, upande wa kulia.

"Lori langu lile pale," dereva akasema. "Pandeni."

Mwenye duka la jirani akabaki na kibanda. Tukapanda mbele, Fundi katikati, mimi na mtoto dirishani. Lori lilipaa, magurudumu yakagusa barabara mara mbili tu mpaka hospitali kubwa. Dereva anasema tulikwenda polepole kwa sababu ya mtoto mchanga. Yeye ana safari yake, mimi nina yangu.

Mapokezi kulikuwa na kijana nyuma ya kioo. "Mgonjwa ana nini?"

"Kichwa," Fundi akasema.

"Kaa foleni ile."

Foleni ile ilikuwa ya mafua, majipu na watu waliojikata kwa visu. Nikaona tukiingia humo tutatoka na wajukuu. Nikaweka mdomo kwenye tundu la kioo. "Mwanangu, huyu amejifungua juzi juzi hapa hapa kwenu. Alikuwa na presha. Ameacha dawa. Anaona kitu kimoja viwili." Siku hiyo sikuongeza hata punje. Nesi mmoja aliyekuwa anapita na sinia akasimama ghafla. Alikuwa mama mnene, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Hakuniuliza la pili. Alimshika Fundi mkono, akamwingiza ndani, akamlaza.

Mashine ikasoma mia na themanini kwa mia na kumi na tano. Namba hizo sikuzikoleza mimi, muulizeni nesi. Chumba kikajaa watu. Dawa ya kushusha presha, dripu, kisha ile sindano ya kuzuia degedege, ambayo Fundi alisema inaunguza mwili mzima kama mtu aliyeingizwa kwenye tanuri la mumewe. Mimi nilitolewa nje, mjukuu wangu mgongoni. Nilikaa kwenye benchi la korido nikitazama mlango, na kila ulipofunguka nilisimama.

Hali ilipotulia nikaruhusiwa kuingia. Fundi alikuwa amelala, macho mazito. Nesi wa miwani alikuwa pembeni yake.

"Nani alikwambia uache vidonge?"

"Zahanati walisema presha nzuri."

"Walikwambia uache?"

"Hapana. Walisema nzuri."

"Ilikuwa nzuri kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu ya vidonge," akasema.

"Haya. Na kifafa cha mimba hakina habari kwamba mtoto ameshazaliwa, mama. Kinaweza kumfuata mzazi mpaka nyumbani, hata wiki kadhaa baadaye. Umefika kabla hakijaanza. Mshukuru Mungu na aliyekuleta."

"Nilidhani ni pampu," Fundi akasema. "Kumbe ni kiraka. Nimebandua kiraka kwa sababu tairi limeacha kuvuja."

Nesi hakujua mambo ya matairi, lakini hilo la kiraka alilishika. "Kitabanduliwa, usijali. Wengi hawamezi maisha yote. Ila anayebandua ni daktari, tena kidogo kidogo. Na chakula, punguza chumvi."

Fundi akageuza shingo taratibu akanitazama mimi.

Alikaa wodini siku kadhaa. Presha ikashuka, ikapanda tena kidogo, wakabadilisha dawa, ikashuka. Mwanangu alikuwa anakuja akitoka kazini na mkate wa moto chini ya kwapa, anasinzia kwenye kiti, mkate unaliwa na wagonjwa wengine. Siku ya kuambiwa kwamba keshoye anaweza kuruhusiwa, ugomvi mpya ukazaliwa.

"Nikitoka hapa, mimi ni wa nani?" Fundi akauliza. Alikuwa ameketi kitandani, ananyonyesha. "Hospitali watanituma zahanati. Zahanati hawajui hospitali walisema nini. Hospitali hawajui zahanati waliona nini. Katikati niko mimi, na mimi ndiye niliyeharibu."

"Karatasi utakuwa nayo," mwanangu akasema.

"Karatasi nilikuwa nayo. Ilikuwa inalinda nepi. Safari hii, kabla hawajanifunga mkanda, nitasema kwanza: nimejifungua lini, ninameza nini, nililazwa kwa nini. Waseme nzuri baada ya hapo."

"Daktari amesema tutafute na mashine ya nyumbani," nikasema. "Asubuhi na jioni. Mimi nitakupima."

Wakanitazama wote wawili. Hata mtoto aliacha ziwa.

"Wewe, Mama?" Fundi akasema. "Wewe ukiona mia na ishirini si utatangaza elfu mbili? Nitakuja kuzikwa nikiwa mzima!"

"Kwa hiyo nani? Huyu?" Nikamnyooshea mwanangu kidole. "Huyu anasinzia amesimama. Ataupima mguu wa meza, aseme mke wangu hajambo."

"Mama!"

"Nasema uongo?"

"Safari hii hapana," Fundi akasema, akacheka, kisha akashika kichwa kwa mazoea, sote tukakauka. "Hakiumi. Msinitazame hivyo. Nitapima mwenyewe, nyinyi wawili mtatazama namba, tena wote kwa pamoja, ili kila mmoja amchunge mwenzake."

"Namba si tatizo," nikasema. Nilisogeza kiti karibu na kitanda, maana neno hili nilikuwa nalo tangu kibandani, na nililitaka bila chumvi. "Mwanangu, nisikilize. Ukiumwa utameza, hilo najua. Lakini siku utakayoamka huumwi popote, uso umerudi, pete inaingia, wateja wamepanga foleni. Siku hiyo utafanya nini?"

Fundi akamhamishia mtoto upande wa pili. Hakuharakisha.

"Siku hiyo, Mama, ndiyo nitameza kwanza, halafu nita—"

Mlango ukasukumwa. Nesi wa miwani akaingia na mashine yake juu ya kitoroli.

"Mtoto mpeni bibi yake," akasema. "Mgongo uegemee, miguu yote chini, usiipishanishe. Mkono hapa juu ya meza. Na maneno yakome, ya mgonjwa na ya wageni. Presha haipimwi kwenye kelele."

Fundi alinipa mtoto, akakunja mkono wa gauni mwenyewe kabla hajaambiwa. Nesi akafunga mkanda, akabonyeza. Ukaanza kuvimba.