Maduara Matatu ya Yudita

Enzi zetu kule Marui, Jumamosi ilikuwa na harufu yake: mabibo yaliyochacha chini ya mikorosho, sabuni ya mche, na vumbi la chaki. Asubuhi tulichota maji na kufua shati la Jumapili. Mchana tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa kisamvu. Kisha sisi watoto wa Kikristo, ambao kijiji kizima hatukuzidi kumi na wanne, tulikwenda kwenye mafundisho ya kipaimara. Wenzetu wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka chuo cha Kurani na mbao zao, nao walitusindikiza hadi mlangoni wakituuliza sisi tumehifadhi nini. Kwa haki, mara nyingi jibu lilikuwa: kidogo.

Naandika haya kwa ajili yenu tuliokua pamoja. Hivi karibuni, katika kundi letu la simu la watoto wa zamani wa Marui, mmoja wetu aliandika kwamba Yudita alitoroka mafundisho. Wengi wakaweka vikatuni vya kucheka. Taarifa hiyo si sahihi. Najua kwamba si sahihi kwa kuwa aliyeitengeneza ni mimi.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu la kuta za udongo, na ndiye aliyetufundisha. Hakupenda kuita majina. Alisema kuita majina ni kula muda wa Neno. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kufifia. Kwa hiyo daftari la mahudhurio alinikabidhi mimi, mwenye mwandiko mzuri. Nilikaa benchi la nyuma, nikaangalia visogo vya wenzangu, nikaandika vema kwa aliyekuja na duara kwa asiyekuja. Kanuni ilijulikana na wote: mwenye maduara matatu hasimami kubarikiwa, na asiyebarikiwa haikaribii meza ya Bwana. Nilikuwa na miaka kumi na minne na penseli iliyochongwa kwa wembe. Nilistaafu nikiwa mkuu wa masijala, na bado nasema sijapata kushika madaraka makubwa kuliko yale.

Yudita alikuwa binti wa Mzee Lukasi, fundi wa kuezeka makuti. Katika rede hakuna mpira uliompata. Katika mdako alirusha na kudaka huku akizungumza na mtu mwingine. Watoto wa leo, ambao mchezo wao wote uko kwenye kidole gumba, wasingemwelewa. Darasani ndiye aliyejibu maswali ambayo sisi wengine tuliyaogopa.

Jumamosi moja Baba aliniita mbele nizitaje Amri Kumi. Nilikwenda vizuri hadi ya saba, kisha nikaingia ya tisa. Yudita hakungoja nimalize.

"Mwalimu, ameiruka ya nane!" alisema. "Ameruka ushahidi wa uongo. Labda ana kesi nayo."

Darasa likacheka mpaka Baba akagonga meza. Kuanzia siku ile jina langu likawa Tisa. Kufikia Jumatatu watoto wa chuoni walikuwa nalo. "Tisa, umeamkaje?" "Tisa, njoo na wa kumi!" Hata bibi aliyekuwa akituuzia kashata aliniita hivyo, tena kwa upole, ambao ulikuwa mbaya zaidi.

Jumamosi iliyofuata Yudita alikaa karibu na dirisha na kujibu maswali manne. Niliandika duara. Wiki ya pili alikuja amelowa mvua, akaimba kuliko wote. Niliandika duara. Wiki ya tatu pia. Naomba ieleweke kwamba hakuna aliyenituma. Siku hizo Shetani alilaumiwa hata kwa kuni zilizokataa kuwaka, lakini kwa hili simhusishi.

Wazee wa kanisa walipokutana kupitisha majina, daftari lilisomwa kwa sauti. Yudita akasimama.

"Nilikuwepo, Mwalimu. Nilikaa dirishani."

Baba alinigeukia. Hakuwa mtu wa kukasirika haraka. "Wewe uliandika ulichokiona?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi," Baba akawaambia wazee, "daftari halina chuki na mtu."

Mzee Lukasi alimshika binti yake mkono wakatoka. Mama yake alikuwa amekwisha kumshonea gauni jeupe; mwaka uliofuata lilivaliwa na mdogo wake, likiwa limepunguzwa pindo. Kabla ya msimu wa korosho kwisha, Yudita alipelekwa kwa shangazi yake kijiji cha Chole, na sisi tukaendelea na utoto wetu. Mimi nilibarikiwa nikiwa safu ya mbele.

Nilitubu. Nilitubu nikiwa na miaka kumi na tisa, na tena usiku wa kuamkia harusi yangu, na tena Baba alipofariki na daftari lile likaja mikononi mwangu pamoja na miwani yake. Naamini Mungu alinisamehe mara ya kwanza, na zile nyingine alinivumilia. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi Kibaha niliwafundisha vijana wa masijala kanuni moja: ukikosea usifute, piga mstari mmoja, andika lililo sahihi, tia saini. Niliwarudishia mafaili kwa kosa la herufi moja. Jioni nilirudi nyumbani Pangani, ile ya hapohapo Kibaha, ambako ndani ya sanduku la bati lilikaa daftari lenye makosa matatu yasiyo na mstari wowote.

Nilijiambia kwamba Yudita bila shaka alibarikiwa hukohuko Chole. Sikuwahi kuuliza. Mtu anayeishi kwa kuuliza viambatisho hakuuliza hilo.

Mwaka huu nilialikwa Chole kwenye ibada ya ubatizo wa mjukuu wa binamu yangu. Wakati wa Chakula cha Bwana, benchi kwa benchi watu wakaenda mbele. Nyuma kabisa alibaki mama mmoja mtu mzima, kilemba cheupe, mikono mapajani. Nilimtambua kwa namna alivyoangalia dirishani. Nikamuuliza binamu yangu mbona yule haendi. "Mama Yudita?" akasema. "Huyo haendi tangu tumjue. Hakubarikiwa. Anakuja kila Jumapili, anakaa palepale."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake na daftari. Alikuwa barazani anamenya muhogo.

"Wewe si Tisa?"

"Ndiye."

"Umenenepa. Kaa."

Nililifungua daftari mbele yake. Alivaa miwani, akausogeza muhogo pembeni, akaisoma safu yake taratibu.

"Nilidhani mchwa walishalila," akasema. "Nilikuwepo siku zote tatu."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nilikuona. Penseli yako ilizunguka. Vema haizunguki."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Baba yako akakuuliza, ukajibu."

Nikamuuliza kwa nini hakurudia mafundisho mwaka uliofuata, au mwaka wowote kati ya miaka hamsini na zaidi iliyopita. Wachungaji wangapi walimbembeleza!

"Nirudie nini? Nilishahudhuria." Akachukua kisu chake tena. "Kukusamehe nilikusamehe zamani, nilipojifungua wa pili. Nilichoka kukubeba pamoja naye. Lakini kukusamehe hakukufuta duara. Haya, andika."

Nikapiga mstari mmoja juu ya kila duara, nikaweka vema pembeni, nikatia saini mara tatu.

Mchungaji wa Chole ni kijana, umri wa mwanangu wa mwisho. Alipoliona daftari alitabasamu. "Mzee, mbona jepesi hili? Mama yetu aje Jumapili hii hii, tuyaache yaliyopita." Nilimweleza kwa heshima kwamba yaliyopita hayakuwa ya kwake kuyaacha. Yudita alisema atasimama na darasa la mwaka huu, kwa gauni jeupe, na ataulizwa kama wengine.

Ndivyo ilivyokuwa. Alisimama katikati ya vijana waliomzidi kimo, akaulizwa amri, akazitaja zote kumi. Alipofika ya nane alitua kidogo, akaangalia nyuma nilipokuwa. Kisha akaendelea.

Mimi nilikuwa benchi la mwisho. Asubuhi ile, kabla ya ibada, niliandika jina langu chini ya majina yetu kumi na manne, na mbele yake maduara matatu, kwa Jumapili tatu ambazo singekwenda mezani. Hakuna aliyeniagiza, wala si adhabu. Ni kumbukumbu tu iliyokuwa imecheleweshwa. Jumapili ile ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Vijana walikuwa wanapiga picha, na picha isiyowapendeza waliifuta papo hapo, wakapiga nyingine. Nasikia hata neno ulilomtumia mtu unaweza kulifuta upande wake, likawa kama halikusemwa. Sisi tulikuwa na penseli moja, macho ya baba yaliyofifia, na wazee walioamini kilichoandikwa. Nisingependa kurudi kwenye ukali ule. Lakini siku zile neno la mtoto wa miaka kumi na minne lilikuwa na uzito wa kumkalisha mtu benchini maisha yake yote, na ninapowatazama hawa wanaofuta, najiuliza kama wanaambiwa kwamba aliyeandikiwa huwa ameshasoma. Mama aliyeshona gauni la kwanza amelala makaburini Marui. Kwake sikupata pa kutia saini.

Yudita alipotoka mezani, wazee walimwonyesha nafasi ya heshima mbele, pamoja na waliobarikiwa. Aliipita. Akaja moja kwa moja hadi nyuma, akasimama juu yangu, midomo bado ina unyevu wa divai.

"Sogea, Tisa," akasema. "Hapa ni kwangu."

Nikasogea.