Mlima wa Barabara ya Mpui

Stefania, fundi wa pikipiki mjini Sumbawanga, hakuwa mtu wa kutulia. Mwalimu Mathias wa Chala alipomletea pikipiki yake, fundi alishika laptop hata kabla salamu hazijaisha. Mathias alikuwa amebadilisha ekzosi, bomba la moshi, na tangu hapo pikipiki ilikuwa ikisita kila alipovuta mafuta. Stefania akaiunganisha laptop na kompyuta ya injini, akaongeza kidogo petroli inayoingia kwenye injini. Mathias akazunguka mtaa mmoja, akarudi anacheka.

"Imepona, dada!"

"Bado, mwalimu. Nimeisikia ikikohoa pale kwenye kona."

"Mbona mimi sijasikia kitu?"

"Wewe ulikuwa na furaha. Nipe funguo."

Akabeba laptop, akashika barabara ya Mpui. Mlimani, gia ya tatu, injini ikasita, kufumba na kufumbua tu. Akasimama kando ya shamba la ulezi, akafungua laptop juu ya kiti, upepo ukimpiga usoni. Akaongeza tena petroli, akashuka, akapanda. Sasa ikatoa moshi mweusi. Akapunguza. Safari ya tano injini ikavuta hadi kileleni bila kusita, naye akapiga kelele peke yake.

Mathias alikuwa mlangoni mwa gereji, roho juu.

"Nilidhani umeshavuka mpaka kuingia Zambia!"

"Nenda nayo, mwalimu. Ukifika, nipigie."

Stefania akala huku simu iko mkononi. Jioni simu ikaita.

"Dada, imepanda milima yote bila kusita!"

"Ulikuwa gia ya ngapi?" akauliza Stefania, tayari amesimama.