Mbuzi Wawili wa Mavuno

Mie nikifurahi sana siwezi kukaa kimya, na mikono yangu huwa haisubiri kichwa. Mama yangu kule Tabora alinisema kwa hilo tangu nikiwa mdogo, na nimeishi Temeke miaka thelathini bila kupona. Jumamosi ile ya pilau nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu mchungaji anikabidhi ufunguo wa stoo.

Stoo yenyewe ni chumba kidogo nyuma ya kanisa letu, zamani kilikuwa cha kuwekea viti vya plastiki na maturubai. Waumini wanaleta walichonacho, unga, maharage, mafuta, sabuni, na kila Jumamosi mie na kina mama wenzangu wawili tunagawa kwa nyumba ambazo mambo yamekuwa magumu. Sharti letu moja tu: hatumwulizi mtu anasali wapi. Nililiandika mwenyewe kwa chaki mlangoni, herufi kubwa kubwa. Halafu nikakaa kwenye kigoda kuwasubiri majirani, na majirani hawakuja!

Walikuja watu wa mbali, wa Buguruni huko, mmoja hata alitoka Tandale. Lakini uchochoro wa nyuma ya kanisa, ambao karibu kila nyumba ni Waislamu, hakuna aliyekanyaga. Si kwamba tuna ugomvi, hata kidogo. Wakifiwa tunakwenda, tukifiwa wanakuja, na chumvi tunaombana kila siku. Ila kuingia geti la kanisa na mfuko mtupu, mchana kweupe, kisha utoke nao umejaa, hapana. Kulikuwa na mama mmoja ametoka kujifungua, mumewe kibarua wa bandarini kazi imekata, anakunywa uji mtupu hatua hamsini kutoka kwenye magunia yangu. Nilikuwa nakasirika mpaka naongea peke yangu.

Aliyefungua njia ni mtani wangu. Huyu ni mama wa Kizaramo, mjane, kanizidi miaka kidogo, anakaanga mihogo kwenye kona ya uchochoro ule. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tunataniana bila huruma, asiyetujua anaweza kuita polisi. Siku moja akaja mpaka mlangoni, mikono kiunoni.

"Mtani, nyie Wanyamwezi mlikuja pwani kubeba mizigo ya watu. Leo na nyie mna stoo?"

"Ingia uone," nikamwambia. "Ujue watu wanafanyaga nini siku ambazo hakuna ngoma."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini aliingia, akafungua kila gunia, akanusa mafuta, akauliza hiki kimetoka wapi na kile kaleta nani. Akaondoka na unga wa yule mama mzazi. Jumamosi iliyofuata akaja na kina mama wanne, nyingine wanane. Baadaye ndipo nikasikia kwamba alikuwa amesimama barazani kwake akawaambia watu: "Chakula cha pale kisafi, nimekiona kwa macho yangu. Kikiwa na walakini, nikamateni mimi."

Mtu mmoja tu hakukubali. Bibi mmoja, mzee kuliko wote uchochoroni, analea wajukuu watatu peke yake. Nikimwamkia "Shikamoo, bibi," ananiitikia "Marahaba, mwanangu," kwa upole kabisa, lakini stoo haji. Mtani aliniambia bibi kasema atangoja kwanza aone. Aone nini? Sikujua, na iliniuma, kwa sababu wale wajukuu nilikuwa nawaona wanavyozidi kukonda.

Basi, ikafika Jumapili ya mavuno, siku ambayo kila muumini anapeleka madhabahuni sehemu ya alichovuna au alichopata. Weee! Mwaka ule watu walitoa. Mchele, nazi, ndizi, kuku kumi wazima, na mfanyabiashara mmoja akaingia kanisani anawaburuta mbuzi wawili wanalia kuishinda kwaya. Mchungaji akasema vyote viende stoo. Mie sikulala kwa mawazo. Asubuhi nilikimbilia kwenye karai la mihogo: "Mtani, tupike pilau! Mtaa mzima! Jumamosi mchana, uwanjani kwetu!"

Akanitazama. "Pilau apike Mnyamwezi?"

"Upike wewe na wenzako. Masufuria makubwa unayo. Na shemeji yako aje achinje."

Hapo nimweleze asiyejua. Kwetu hapa, shughuli yoyote ya watu wa dini zote mbili, kisu anashika Mwislamu, ili kila mtu ale kwa amani. Hakuna kikao kinachokaa kujadili hilo, ni kama kuvua viatu mlangoni. Shemeji yake mtani, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye anayechinja kwenye shughuli zote za upande ule. Tukakubaliana aje saa moja na nusu asubuhi. Habari ikaenea. Mpaka bibi akasema atakuja kuchambua mchele, maana kusaidia shughuli si kupokea msaada.

Jumamosi nilifika kanisani saa kumi na mbili na nusu. Nimefunga khanga mbili, kuni zimepangwa, mafiga tayari, wingu limetanda upande wa baharini. Nikaanza kuhangaika na lile wingu. Mvua ikinyesha? Nyama ikichelewa? Saa moja ikapita kidogo, naona mlinzi wa kanisa amekaa tu, na yeye kwao ni mchinjaji mzuri wa sikukuu. Nikamwambia, "Baba, unakaa kufanya nini? Tuanze na hawa mbuzi, tutachelewa!"

Akachinja. Mie mwenyewe nimeshika miguu, naimba pambio.

Mbuzi wa pili alikuwa ameshatundikwa kwenye mwarobaini nyuma ya stoo niliposikia kengele ya baiskeli getini. Shemeji. Ana kofia yake nyeupe, na kisu kimefungwa kwenye gazeti. Jamani! Miaka thelathini Temeke, nimekula shughuli zisizo na idadi, na kitu hicho kimenitoka kichwani kwa sababu ya wingu!

Nyuma yake likaingia guta la matairi matatu limejaa masufuria, na mtani wangu akiwa mbele na wenzake, wanapiga vigelegele. Bibi naye yumo, ungo kichwani.

Mlinzi akaninong'oneza. "Mama, waambie alikuja kijana wa buchani, Mwislamu, akachinja akaondoka. Nyama ni nyama. Nani atajua?"

Na kweli, nani angejua? Nilisimama pale nikiwa naliona jibu lile lilivyo rahisi. Pilau lingepikwa, watu wangekula, ningesifiwa. Kisha nikamwangalia mtani, anamwelekeza mtu wa guta kwa sauti ile ile aliyowaambia watu "nikamateni mimi". Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye tanki la maji.

"Mtani, nimeharibu. Mbuzi wameshachinjwa. Kachinja mlinzi, na aliyemtuma ni mie."

Nilitegemea matusi, na nilikuwa nayataka. Hakusema kitu. Mwanamke yule sijawahi kumwona amenyamaza, hata msibani kwa mumewe alikuwa anatoa amri. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Nani anajua?"

"Mie, mlinzi na Mungu."

"Na sasa mie." Akapangusa uso kwa ncha ya khanga. "Unajua umenifanya nini? Wale wanakula kwa neno langu."

"Najua."

"Masufuria yangu yamegusa?"

"Bado. Wala visu vyako. Na kuku kumi wako ndani ya stoo, wazima, hawajaguswa."

Halafu akainuka. "Utawaambia mwenyewe. Kwa mdomo huo huo unaoropokaga."

Nikaenda kusimama kwenye ngazi ya stoo, chini ya maandishi yangu ya chaki. Kina mama wamekaa mkekani, nyungo mapajani. Nikawaambia yote, sikuficha hata ile miguu niliyoishika wala pambio. Nikamaliza kwa kusema mbuzi wale watakatwa vipande wapelekwe kwenye nyumba za Wakristo tunaowahudumia, na hakuna kipande kitakachosogea kwenye masufuria.

Shemeji akatazama kisu chake. Ndipo bibi akaacha kupepeta.

"Kumbe tungekula tusijue," akasema.

"Ndiyo, bibi. Mngekula."

Akamgeukia mtani wangu. "Na wewe, neno lako lile bado unalo?"

Nilifumba macho. Nikasema moyoni, stoo imekwisha, na jirani yangu nimemvunjia heshima mbele ya watu wake.

"Ninalo," mtani akajibu. "Mtu anayetaka kukulisha uchafu hakuiti kwenye tanki akakwambia." Kisha sauti yake ikarudi, tena nusu ya Temeke iliisikia: "Ila huyu Mnyamwezi anatozwa faini ya utani! Kuku wote kumi anawanyonyoa peke yake, hapa mbele, tumwone!"

Loh! Vicheko vilivyopasuka pale! Shemeji akafungua gazeti lake, akauliza kuku wako wapi. Mie nikakalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja, ndoo ya maji ya moto mbele yangu, nikanyonyoa. Manyoya yalinijaa puani, kila anayepita ananisimanga, mmoja akanitungia wimbo hapo hapo na wenzake wakaitikia. Nilicheka na machozi yananitoka, na sijui mpaka leo yapi yalikuwa ya kicheko. Wingu lilipita zake bila hata tone. Pilau la kuku likaiva saa nane, nyama ilikuwa chache ikabidi tuichambue vipande vidogo, na watu walikula, Wakristo na Waislamu, mkeka mmoja. Mtani alinipa ukoko, akasema ndiyo sehemu ya mwenye faini.

Shemeji alipokuwa anaondoka aliniachia kile kisu. Kiko stoo hadi leo kwenye gazeti lake, rafu ya juu, na hakuna anayekigusa mpaka mwenyewe aje. Ufunguo wa pili wa stoo anakaa nao mtani.

Jumamosi iliyofuata nilifungua mlango saa tatu. Kwenye foleni, wa kwanza kabisa, alikuwa bibi, kashika mfuko wa salfeti aliouosha ukawa mweupe. Nikaanza kuropoka, karibu bibi, shikamoo, kaa bibi, nikuletee kiti.

Hakukaa. Akaupanua mfuko kwa mikono miwili, akanitazama usoni.

"Tia, mwanangu," akasema.