Niliichoma bomber yangu Kyuso ili nioe, mvua ikanisaliti

Wakuu, habari za saa hizi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda, leo nimeamua kutoa langu. Sina sababu ya kudanganya. Pensheni inaingia, watoto wamekua, na simwombi mtu chochote. Wale wa kusema "hii ni chai" ruksa kupita, sitawafuata.

Kisa ni cha mwaka 84. Mkamba wa umri wangu hahitaji kuelezwa mwaka huo. Njaa yake tuliipa jina Nikw'a Ngwete, yaani nakufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye hela hakupata chakula cha kununua.

Mimi ni mtu wa Mbooni, kule milimani kwenye baridi na matunda. Nilikuwa mwalimu kijana, single, nikapewa transfer kwenda Kyuso, kaskazini ya Kitui.

Sasa mnajua vile watu wa upande wetu wanasema kuhusu Kitui na uchawi. Mama yangu alinifungia mizigo huku akinipa masharti. Usile kwa mtu. Usiache nguo kwenye kamba. Usimruhusu mtu aone ndani ya nyumba yako.

Mimi na cheti changu cha ualimu nikaitikia yote.

Kwa hiyo nilifika Kyuso nikiwa nimeshuku kila mtu tayari. Mtu akinisalimia vizuri, najiuliza anataka nini. Akininyamazia, nasema huyu ndiye mwenyewe.

Nilichosahau kuwaambia ni kwamba nilikuwa na hobby. Nilikuwa naunda model za ndege. Mzungu mmoja volunteer alituachia box chuoni, nikajaribu, na ule ugonjwa ukishakuingia hautoki.

Kwa wasiojua: unanunua box, ndani kuna vipande vya plastic vimeshikana kwenye fremu, kila kimoja na namba. Unavikata na wembe, unapiga msasa, unabandika na gundi, halafu rangi.

Kabla ya kuripoti Kyuso nilipitia duka moja Nairobi. Kulikuwa na fighter ndogo za injini moja, kazi rahisi. Juu kwenye shelf kulikuwa na box kubwa la bomber, Liberator, injini nne. Mwenye duka alinishauri nichukue ndogo.

Lakini marehemu baba alipigana Burma. Alikuwa akituambia za ndege za injini nne zikipita juu mpaka sufuria zinatetemeka mekoni. Jina la ndege hakulijua. Nikaangalia ile picha ya box nikasema, mzee, ni hii. Nikatoa mshahara.

Huko Kyuso nilipanga chumba kwa Mama Syombua, mjane aliyekuwa anauza nafaka sokoni. Adui yangu mkubwa alikuwa vumbi. Rangi ikiwa mbichi, vumbi kidogo tu linaharibu bawa zima. So kila Jumamosi baada ya chakula nilifunga dirisha, nikavuta pazia, nikafunga mlango. Harufu ya gundi na thinner ikawa inatokea chini ya mlango.

Hebu jifanye wewe ni jirani yangu. Ungefikiria nini?

Kuna jambo la kiufundi mnahitaji kulijua, mnivumilie. Bomber ya aina hiyo ni nzito nyuma. Usipoiwekea uzito puani, inakalia mkia na kuinua pua juu. Nikatia vijiwe. Vikawa vinagonga ndani kama kayamba. Nikafikiria, nikachukua ndengu, nikaanza kuzishindilia kwa kijiko ili vijiwe vitulie.

Ndengu, wakuu. Mwaka wa njaa.

Na siku hiyo nilisahau kufunga mlango na komeo. Mama Syombua alikuja kuniambia maji yamefika, akasukuma mlango, akanikuta na kijiko mkononi. Kando yangu kwenye kisahani kulikuwa na wale watu wadogo wa ndani ya ndege, nimewapanga wakauke. Nilikuwa nimewapaka nyuso rangi ya kahawia, nikimkumbuka baba.

"Mwalimu, hiyo unalisha ni nini?"

"Ni uzito tu, Mama Syombua. Ndio isikalie mkia."

"Na hawa watu?"

"Hao ni wa kuiendesha."

Akainama akawaangalia. "Mbona wanafanana na sisi?"

Akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Kwa wasio Wakamba: kuna kitu kinaitwa kamuti. Ni uchawi wa kufugwa nyumbani. Lazima kalishwe, kasipolishwa kanageukia wenye nyumba. Na kibaya zaidi, kanarithiwa: msichana akiolewa pale, yeye ndiye anakabidhiwa kazi ya kukalisha.

Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa, kwa sababu nilikuwa na Mwende.

Mwende alikuwa binti ya Mzee Kilonzo, mwenye duka na mzee wa kanisa. Tulikuwa tumekubaliana. December shule zikifungwa ningepeleka ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hajaoa hata kama ana cheti cha kanisa. Nilimpenda yule msichana, wakuu, sitaficha hilo uzeeni. Na yeye ndege aliijua. Alikuwa anakuja mchana na mdogo wake, akashika msasa akapiga bawa moja mpaka likalainika kuliko langu.

Baada ya Mama Syombua kuona alichoona, mambo yalibadilika polepole. Kanisani benchi langu likabaki na nafasi. Kwa foleni ya mahindi ya njano ya msaada, watu waliniachia nipite mbele, na haikuwa heshima.

Mawingu nayo yalikuwa yanakusanyika mchana, watu wanatoka nje kutazama, halafu yanatawanyika. Wakitoka kutazama mawingu wanatazama na bati la chumba changu. Huko tayari waliamini ndege za injini hufukuza mvua. Ikasemwa ile ndeke (ndege kwa Kikamba) ya mwalimu inapanda yenyewe na kufukuza mawingu.

Mimi nikaanza kutafuta mchawi wangu. Nilimshuku Mama Syombua kwamba anataka chumba chake. Nikamshuku deputy wa shule yetu kwamba anataka darasa langu. Halafu nikasikia watu wanajua ndege sasa nimeining'iniza darini kwa uzi, na Mama Syombua aliiona mezani tu. Nikamuuliza Mwende kama ni yeye alisema.

"Wewe, hata mimi?"

Sikumwomba msamaha.

Mzee Kilonzo akaniita. Nikamkuta amekaa nje ya duka na wazee wawili wa kanisa.

"Mwalimu, sisi hatusemi wewe ni mbaya," akaanza. "Lakini msichana yangu hawezi enda kulisha kitu hajui."

"Mzee, ni plastic. Ni kitu ya kucheza."

"Sawa. Sasa kama ni ya kucheza, kuichoma ni shida gani?"

Mtego wenyewe ndio huo na mimi niliuona kama mlango. Nikapiga hesabu haraka: ndege nitanunua nyingine, Mwende hawauzi Nairobi. Nikakubali. Mwende alikuwa amesimama kwa mlango wa duka, anatikisa kichwa. Nikadhani anaionea ndege huruma.

Tuliichoma Jumapili baada ya ibada, nyuma ya kanisa. Walimwaga mafuta ya taa. Plastic inatoa moshi mweusi mbaya, na mabawa yalijikunja, na wale watu wadogo wakainamiana mpaka wakawa kitu kimoja. Akina mama waliimba. Mimi machozi yalinitoka, nilikuwa nimeipa miezi yangu. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Ona, kanamtoka."

Mzee Kilonzo akanipa mkono. Nikarudi nyumbani nikijua nimeoa.

Jumanne mvua ikanyesha.

Si manyunyu. Ilinyesha mvua ambayo Kyuso ilikuwa imeisahau. Watoto walitoka darasani bila ruhusa na sikuwazuia, nilitoka nao. Watu wazima walikuwa wanalia barabarani. Niliporudi, Mama Syombua alikuwa anapanga sufuria chini ya bati. Akaniangalia, kwa upole kabisa.

"Asante, Mwalimu. Umeifungua."

Mzee Kilonzo alituma mtu kabla ya Jumapili. Mbuzi wasiletwe. Kama ilikuwa kitu ya kucheza, mvua ilikuwa inangoja nini?

Mwende alikuja shuleni mwenyewe, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Nikaanza kueleza. Akanikata.

"Mimi nilikuwa nawaambia ni plastic. Nyumbani, kanisani, kwa maji. Mimi peke yangu. Halafu wewe ukaenda ukaichoma."

"Nilitaka tuoane, Mwende."

"Ungekataa. Ungekataa tu, ningekuja."

Akaondoka. Mwaka uliofuata aliolewa na mfanyabiashara wa kutoka Tulia. Mimi niliomba transfer, nikarudi Mbooni, nikaoa, Mungu amenijalia. Msinionee huruma.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikushuku bure na wewe ukakubali masharti yake ili akuamini, umeshakiri. Nilijali sana waliokuwa hawaniamini hata nikamwacha uchi yule mmoja aliyeniamini. Deputy na Mama Syombua sikuwa na kesi nao.

Haya, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe, ungeichoma? Wa Kitui msinitukane, wa Mbooni msishangilie.

Na kama kuna mtu wa Kyuso humu, naomba anieleze jambo moja. Miaka yote hii imepita, mvua ikichelewa huko nasikia bado kuna wazee wanaouliza yule mwalimu siku hizi anakaa wapi. Wanataka nichome nini tena?