Mchunga kwa Chiriku wa Wardia

Asubuhi ile Wardia alisimama dirishani jikoni, akifuta jani la mwisho la mchunga kwa aproni yake. Mbele na nyuma, kama anayempangusa mtoto uso. Jani lenye maji humharisha chiriku. Mimi nilikuwa nimekaa, nangoja kahawa.

"Kahawa je?"

"Wewe una mikono, mzee. Yeye hana."

"Mdomo anao."

"Na wewe unao. Nausikia tangu alfajiri."

Akalibana jani kwenye waya wa kizimba. Chiriku akaruka, akaanza kulichana.

Hapa Kasba, mji mkongwe wa Aljeri, chiriku ni mambo ya wanaume. Tunawafunika kitambaa, tunawabeba hadi mkahawani, tunakaa kusikiliza nani anaimba vizuri. Wa kwangu nilimnunua mimi. Kumlisha ilikuwa kazi ya mke wangu. Mtama na ufuta kidogo asubuhi. Tango mchana. Yai la kuchemsha wakati wa kunyonyoka manyoya. Mfupa wa ngisi ulikaa kizimbani mwaka mzima, anoe mdomo.

Rezki, fundi viatu wa chini yetu, hakuchoka kumshauri mke wangu.

"Mpe mbegu za katani, mama Nasima. Zina mafuta, apate moto. Ataimba mpaka mnara utikisike."

"Kula wewe hiyo katani, Rezki. Pengine utapata moto wa kumaliza viatu vyangu."

Kwetu mume hatamki jina la mkewe mbele za watu. Miaka yote nilisema "nyumba yangu". Sasa naliandika. Wardia.

Mchunga aliuchuma makaburini kila Ijumaa, akienda kuzuru kaburi la mama yake. Kule hakuna anayepiga dawa majani. Siku ile nayo ilikuwa Ijumaa. Alitoka na kikapu. Akirudi, moyo wake ukasimama pale kwenye ngazi za mtaa. Walimleta, na kikapu wakakileta.

Watu wakajaa nyumbani. Kwetu ndege hutupiwa nafaka juu ya kaburi, thawabu zimfikie marehemu. Basi kila aliyepita kwenye kizimba alitia chochote. "Sadaka ya mama Nasima. Kula, mwanangu." Kuskusi, tende, biskuti. Rezki akatia katani, konzi nzima, huku analia. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa natazama mlango.

Wageni walipoondoka, chiriku alikuwa sakafuni mwa kizimba, manyoya yametutumka, macho nusu wazi. Nilimshika nikampuliza tumboni, kama alivyokuwa akifanya Wardia. Manyoya yakafunguka. Tumbo limevimba, jekundu, na mafuta ya manjano chini ya ngozi.

Rezki alichungulia. "Anaomboleza tu huyo, ndugu yangu. Mwongeze katani."

"Toka na katani yako!"

Akatoka. Baadaye akarudi na mkate, akauweka mezani, akaenda zake.

Nilifagia kizimba, nikabadilisha maji. Mtama hakuugusa. Tango hakuligusa. Nikakaa namtazama. Akifa huyu, nilijiambia, nyumba hii itabaki na mtu mmoja tu aliyelishwa kwa mkono wa Wardia.

Kikapu kilikuwa nyuma ya mlango, majani yamekauka ndani. Ijumaa iliyofuata nikakichukua, nikaenda makaburini.

Ijumaa makaburini ni siku ya wanawake.

"Baba, umepotea?" mmoja akapaza sauti. "Leo hakuna jeneza!"

"Anatafuta mchumba huyo!"

Wakacheka. Niliinama nikachuma. Bi Jauhar, shoga yake Wardia, akaja akatazama kikapuni.

"Nyamazeni nyie! Ni mume wa Wardia." Kisha kwangu, polepole: "Shemeji, haya si mchunga, yatamuua chiriku kabla ya huzuni. Mwaga."

Nikamwaga. Akanionyesha. Ua dogo la manjano, jani laini lenye meno, shina lenye uwazi ndani. Alilivunja, likatoa maziwa. Akaniachia nichume mwenyewe. Kwenye kaburi la Wardia hapajaota kitu bado, udongo ni mpya. Nilichuma kwa mama yake.

Nyumbani aproni ilikuwa kwenye msumari wake. Bado inanuka vitunguu. Nilifuta jani mbele na nyuma, nikalibana kwenye waya, nikarudi kukaa.

Chiriku hakuja. Jua likahama kutoka ukutani. Kisha akapanda kijiti cha chini, akapumzika. Akapanda cha pili. Akachana ncha ya jani, akaiacha ianguke. Akachana tena, akameza.

Kuimba hajaimba mpaka leo. Anakula.

Nami nilikuwa na njaa. Mezani palikuwa na peremende za matanga na andazi alilonitumia jirani, na mimi ni mgonjwa wa sukari. Mkono ulikuwa njiani tayari. Ndipo nikakumbuka asubuhi ile, Wardia amekwishajitanda, kikapu mkononi, anageuka mlangoni. Alijua ni nani hummegea chiriku andazi yeye akishatoka. Alininyooshea kidole, kisha akakinyoosha kwenye kizimba.

"Majani kwanza. Nikirudi nikakuta mmekula sukari, nyote wawili mtanitambua."