Aliye Kitini Ndiye Mwenye Zamu

Baba mkwe wangu ni kinyozi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wanaosubiri. Mimi nafua taulo nyuma ya pazia, mtoto mgongoni, kwa hiyo kila neno la mbele hunifikia hata nisipolitafuta.

Saluni ile ina sheria moja. Aliye kitini ndiye mwenye zamu ya kusema, na kinyozi hajibu mpaka amalize kichwa. Baba aliiweka mwenyewe kwa sababu anajijua: akibishana, mkono unacheza. "Mdomo na mashine havifanyi kazi pamoja," husema.

Ubishi wa pale ni ule ule tangu niolewe: nani kocha bora katika historia ya timu yetu. Wanaogombewa ni wawili, wote marehemu, tunaowajua kwa majina ya utani: Kamba na Raha. Kamba alikuwa akiwafunga mabeki kamba viunoni mazoezini ili wasogee pamoja, na alituletea kombe mara mbili. Raha timu yake ilicheza mpira wa kukusahaulisha njaa, lakini kabatini hakuacha hata kikombe cha chai. Baba ni wa Kamba. Rafiki yake wa tangu utotoni, fundi wa kuchomelea mageti, ni wa Raha.

Jumatano fundi alikuja kunyolewa, maana Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake wa pekee. Akafungwa shuka shingoni, akaanza.

"Kamba alifundisha miguu. Raha alifundisha watu. Mchezaji akifiwa, Raha yuko msibani kabla ya ndugu!"

Benchi likacheka. Hapo baba akavunja sheria yake mwenyewe, mashine ikinguruma hewani.

"Ndiyo maana hatukupata kitu! Angepunguza kubeba majeneza akafundisha mabeki kukaba, tungekuwa na kombe."

Nilisikia kiti kikilia. Nikachungulia. Fundi alijifungua shuka, akalikunja vizuri, akaliweka kitini, akavaa kofia na kutoka. Upande wa kulia alikuwa ameshanyolewa. Wa kushoto bado.

"Mwacheni," baba akasema. "Nusu kichwa ataenda nacho wapi? Atarudi."

Hakurudi. Ijumaa asubuhi alikuja mke wake, kwa mlango wa nyuma. Akageuza ndoo akaikalia, akamchukua mtoto wangu.

"Analala na kofia, mwanangu. Namwambia vinyozi wamejaa mji mzima, anasema kichwa chake kinajua mkono mmoja tu. Kesho hatoki. Eti kaka yangu ndiye amtoe binti."

"Yote hayo kwa ajili ya kocha, mama?"

"Kocha gani! Mama yake alipofariki, yeye akichezea timu ya vijana, Raha alisimamisha mazoezi. Akaja na wachezaji wote, jeneza akalishika yeye upande wa mbele. Baba mkwe wako naye alikuwepo. Amesahau tu."

Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba amekosea. Niliingia mbele na taulo zangu, nikawa nakunja taratibu. Baba alikuwa anafagia nywele.

"Baba," nikasema, "kumbe Raha ndiye aliyembeba mama yake fundi?"

Fagio likasimama. Alichukua mashine, brashi na lile shuka, akaniambia, "Mkwe, nibebee kiti cha plastiki."

Tukamkuta fundi kibandani kwake kati ya mageti, cheche zinaruka, kofia iko chini ya ngao ya uso. Baba akaweka kiti, akachomoa mtambo wa kuchomelea ukutani, akachomeka mashine yake palepale.

"Kaa."

"Nina kazi."

"Kaa, bwana. Ukikaa, zamu ni yako. Mimi sina mdomo."

Fundi akavua ngao ya uso. Kisha akakaa, akavua kofia. Upande wa kushoto ulikuwa umesimama kama brashi ya viatu. Nikajifanya namfunika mtoto, nisije nikacheka.

Akasema yote. Mvua ya siku ile, udongo uliokuwa unateleza, viatu vya Raha vilivyozama kwenye tope na bado hakuachia jeneza. Baba alinyoa midomo imebana. Alipofika kisogoni, mahali ambapo mwenzake hamwoni, nilimwona anatikisa kichwa kukubali. Akapuliza vinywele, akapaka poda shingoni, akafungua shuka.

"Kichwa nimemaliza. Naruhusiwa?"

"Sema."

"Mimi nilishika nyuma yake. Nilisahau vipi, sijui. Nimekukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

Fundi akapitisha kiganja kichwani, kushoto, kulia, kushoto tena.

"Yameisha. Na kocha bora?"

"Kamba."

"Huna adabu wewe!"

"Makombe mawili, bwana. Hata ukinichomelea mdomo."

Fundi alicheka mpaka akamshika baba bega asianguke. Halafu akaniita nimsogelee, akamwambia mtoto wangu sikioni, kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mjukuu, babu yako hana akili, lakini mkono anao."

Jumamosi alimtoa binti yake mwenyewe, kichwa wazi.